Diski ya Nje Yenye Kasi kwa Kompyuta ya Mezani: Anza na Kompyuta, Duka Lifuate

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa na fedha kuanza kuzunguka Mtwara, Masasi na Tandahimba, huwa napokea lalamiko lile lile. Mtu amenunua diski ya nje ambayo boksi lake limeandikwa megabaiti 1,000 kwa sekunde, ameichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani, na faili zinatambaa kwa megabaiti 38. Anairudisha diski dukani, au anaagiza nyingine ya bei kubwa zaidi kutoka Kariakoo, na ile ya pili nayo inatambaa kwa megabaiti 38.

Namba hiyo ndiyo alama ya kidole ya porti (tundu la kuchomekea) ya USB 2.0, toleo la zamani la USB. Diski haina kosa. Mwenye pikipiki ya kasi na mwenye baiskeli wakifika pamoja ufukweni kusubiri kivuko cha Msangamkuu, watavuka kwa dakika zile zile, na hivyo ndivyo data inavyosafiri: inapita kwenye diski ya ndani, sloti (nafasi ya kuchomekea kadi ndani ya kompyuta), kadi ya kuongeza porti za USB, porti, kebo na kava la diski ya nje, na mwendo wake wote huamuliwa na kipande kimoja kilicho kizito kuliko vingine. Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni kinyume cha mpangilio ambao wengi huufuata. Tutaisoma kompyuta kwanza, tutachagua kadi itakayoingia ndani yake, na diski yenyewe tutaifikia katika hatua ya tano.

## Vitu vya kuandaa

- Namba kamili ya modeli ya kompyuta yako, ambayo kwa kawaida huwa kwenye kibandiko cha pembeni au cha nyuma.
- Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati, tochi, na simu yenye kamera.
- Rula ya shuleni, ambayo sababu yake utaiona katika hatua ya tatu.
- Faili moja kubwa la gigabaiti 10 hivi. Video moja ndefu inafaa; folda yenye picha elfu tano haifai kwa kipimo.
- Programu za bure: CrystalDiskMark, HWiNFO na H2testw kwa watumiaji wa Windows, kwa watumiaji wa Linux, amri za lsusb na lspci pamoja na programu ya f3.
- Karatasi na kalamu. Namba utakazozipata leo utazihitaji tena mwisho wa kazi.

## Hatua ya 1: Pima mwendo ulio nao sasa

Chomeka diski yoyote ya nje uliyo nayo, hata ile ya zamani, kisha nakili lile faili la gigabaiti 10 kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye diski na uandike mwendo unaoonekana baada ya nusu dakika. Usiandike namba ya sekunde za mwanzo, kwa sababu Windows hupokea data kwanza kwenye kumbukumbu ya RAM na kukuonyesha kasi ya uongo kabla haijaanza kuandika kwa kweli.

Baada ya hapo fungua CrystalDiskMark na upime diski ya ndani ya kompyuta, ile yenye herufi C. Hatua hii hurukwa na watu wengi, nayo ndiyo inayofichua tatizo kwa takribani nusu ya wanaonifuata. Diski ya ndani ya kuzunguka (HDD) husoma faili kubwa kwa megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, ikiwa ya aina ya SATA husoma kwa karibu 550. SSD ya NVMe, aina ya kasi zaidi, huzidi 2,000 kwa urahisi.

Ikiwa diski yako ya ndani ni ya kuzunguka, nakushauri uahirishe safari hii yote. Nunua kwanza SSD ya ndani, kwa sababu hakuna diski ya nje itakayopokea data kwa kasi zaidi ya ile ambayo diski ya ndani inaweza kuitoa. Najua ushauri huu haupendezi kwa mtu aliyekwisha kuona diski ndogo ya kung'aa kwenye kabati la kioo.

Jihadhari na vipimo viwili vinavyofanana. Watengenezaji wa porti huhesabu kwa biti, na kompyuta inaponakili huhesabu kwa baiti. Baiti moja ni biti nane. Porti ya megabiti 480 kwa sekunde inatoa megabaiti 60 kwenye karatasi, na baada ya kutoa gharama za mawasiliano yenyewe hubaki megabaiti 30 hadi 40.

Umefanikiwa ikiwa karatasi yako ina namba mbili: mwendo wa kunakili kwenda nje, na mwendo wa diski ya ndani. Ya kwanza ikiwa ndogo sana kuliko ya pili, endelea.

## Hatua ya 2: Zitambue porti ulizo nazo

Huenda tayari una porti ya kasi na hujawahi kuitumia. Geuza kompyuta uangalie nyuma kwa tochi. Porti ya kasi mara nyingi ina plastiki ya bluu ndani yake, au ina herufi SS kando ya alama ya USB, na ukichungulia utaona pini tano za ziada nyuma ya zile nne za kawaida. Rangi pekee si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa hakuna anayemlazimisha mtengenezaji kuifuata.

Majina yamewachanganya hata mafundi, hivyo yapange hivi:

- USB 2.0 hubeba megabiti 480, na kwa vitendo utapata megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde.
- USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kitu kimoja kilichobadilishwa jina mara mbili. Zote hubeba gigabiti 5, na kwa vitendo ni megabaiti 400 hadi 450.
- USB 3.1 Gen 2 na USB 3.2 Gen 2 nazo ni kitu kimoja, gigabiti 10, na kwa vitendo ni karibu megabaiti 1,000.
- USB 3.2 Gen 2x2 ni gigabiti 20, na hupatikana kwenye porti ya Type-C tu.
- USB4 ya toleo la kwanza na Thunderbolt 3 na 4 hufika gigabiti 40, na matoleo mapya huzidi hapo. Kwa kompyuta ya mezani iliyotumika, ziache. Kadi ya Thunderbolt huhitaji madabodi (bodi kuu ya kompyuta) iliyotayarishwa kwa ajili yake, na bila hiyo ni pambo.

Muuzaji akikwambia "hii ni USB 3.2" hajakwambia kitu chochote. Muulize ni gigabiti ngapi.

Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua huku zikiwa zimeshatumika maofisini Ulaya na Marekani ni za kati ya mwaka 2010 na 2015, na katika kipindi hicho kuna mpaka mmoja unaofaa kukumbukwa. Chipu za madabodi za Intel zilianza kuwa na USB 3.0 ya kwao wenyewe mwaka 2012. Ndiyo maana kompyuta ya Dell OptiPlex 790 ina porti za USB 2.0 tu, wakati OptiPlex 7010, inayofanana nayo kwa sura, ina porti nne za USB 3.0. Kwenye Windows, fungua Device Manager, tafuta kundi la vidhibiti vya USB, na uangalie kama kuna mstari wenye neno "eXtensible". Ukiwapo, kompyuta yako ina porti za kasi mahali fulani. Kwenye Linux, amri ya lsusb -t itakuonyesha 480M, 5000M au 10000M mbele ya kila kidhibiti.

Mpiga picha mmoja wa harusi kutoka Masasi aliniletea kompyuta yake akiapa kwamba ina porti ya bluu mbele na kwamba diski ndiyo mbovu. Porti kweli ilikuwa ya bluu. Nilipofungua kasha na kuufuata waya wa porti ile kwa kidole, nilikuta kichwa chake kipana cha pini 19 kimechomekwa kwenye kiunganishi kidogo cha kijivu kinachokishusha hadi pini tisa, na pini hizo tisa zimeingia kwenye soketi ya USB 2.0 ya madabodi. Aliyebadilisha kasha alikuta madabodi haina soketi ya pini 19 na akatafuta njia ya mkato. Kwa nje hakuna ambaye angejua. Kwa hiyo ikiwa porti yako ya bluu inatoa megabaiti 38, fuata waya wake kabla hujamlaumu mtu.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema, bila kubahatisha, porti ipi ya kompyuta yako ni ya gigabiti ngapi. Ukiipata ya gigabiti 5 nyuma ya kompyuta na unahifadhi nyaraka na picha tu, ruka hadi hatua ya 5. Huhitaji kadi.

## Hatua ya 3: Fungua kasha na uzisome sloti

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde tano ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Hewa yetu ya pwani ina unyevu unaopunguza umeme tuli, lakini chumba chenye kiyoyozi ni habari nyingine.

Sloti za PCIe, ambazo ndizo kadi huchomekwa, hutambulika kwa urefu. Fupi kabisa, ya sentimita mbili na nusu hivi, ni x1, yaani ina njia moja ya data. Iliyo ndefu kuliko zote ni x16. Katikati kuna x4 na x8. Kadi fupi huingia kwenye sloti ndefu bila shida, kwa hiyo kama huna kadi ya picha, ile sloti ya x16 iliyo wazi ni yako. Kadi ndefu haiingii kwenye sloti fupi iliyozibwa mwisho wake.

Baada ya urefu kuna kizazi, na hapa ndipo fedha hupotea. Njia moja ya PCIe ya kizazi cha 2 hupitisha kiwango cha juu cha megabaiti 500 kwa sekunde. Ya kizazi cha 3 hupitisha karibu 985. Ya kizazi cha 4 hukaribia 2,000. Kadi ya gigabiti 10 ukiichomeka kwenye sloti ya x1 ya kizazi cha 2 itawaka, itatambuliwa, itaandikwa "10" kwenye kila kibandiko, na haitavuka megabaiti 400 na kidogo. Utakuwa umelipa kadi ya gigabiti 10 na kupata ya gigabiti 5.

Kwenye kompyuta za Intel, sloti zinazotoka kwenye chipu ya madabodi zilibaki kizazi cha 2 hadi zilipokuja chipu za mfululizo wa 100 mwaka 2015. Sloti ya x16 huunganishwa moja kwa moja na prosesa, na hiyo ilipata kizazi cha 3 mapema zaidi, kuanzia prosesa za Core i5 na i7 za kizazi cha tatu za mwaka 2012. Kama madabodi ina sloti mbili ndefu, moja yake inaweza kuwa ndefu kwa sura tu, ndani ikiwa na njia nne. Maandishi madogo kwenye madabodi yenyewe, au HWiNFO, yatakwambia.

Pima sasa kwa rula. Kasha la kawaida hupokea kadi yenye bamba la chuma la urefu wa karibu sentimita 12. Kasha jembamba, lile linalolala mezani chini ya kioo, hupokea bamba fupi la karibu sentimita 8. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza kadi kutoka Dar es Salaam, ikasafiri usiku kucha kwenye basi, na asubuhi nikagundua kwamba bamba lake limelizidi kasha kwa vidole viwili. Nilisubiri wiki mbili kupata bamba fupi ambalo muuzaji angeweza kulitia kwenye boksi siku ya kwanza kama ningemwuliza.

Mwisho, angalia nyaya zinazotoka kwenye pawasaplai. Je, kuna kichwa cha umeme cha SATA kilicho huru, kile chembamba chenye umbo la L? Piga picha sloti, nyaya na maandishi ya madabodi, kisha funga kasha.

Umefanikiwa ikiwa umeandika mambo manne: urefu wa sloti iliyo wazi, kizazi chake, urefu wa bamba, na kichwa cha umeme kilicho huru.

## Hatua ya 4: Chagua kadi

Kwa sloti ya x1 ya kizazi cha 2, nunua kadi ya gigabiti 5 na uridhike. Chipu za kuaminika katika kundi hili ni Renesas µPD720201 na VIA VL805. Mimi huichagua ya Renesas kwanza, kwa sababu Windows 8 na matoleo yaliyofuata huitambua bila kutafuta draiva, na Linux vilevile.

Kwa sloti ya x4 au x16, hata kama ni ya kizazi cha 2, kadi ya gigabiti 10 ina maana, mradi kadi yenyewe inatumia njia mbili au zaidi. ASMedia ASM3142 hutumia njia mbili za kizazi cha 3. Kwa gigabiti 20 kuna ASM3242, inayotumia njia nne za kizazi cha 3. Hiyo iache kwa mwenye kompyuta mpya na diski inayoweza kuishibisha.

Mwombe muuzaji akutumie picha ya kadi yenyewe pande zote mbili, na si picha ya boksi. Kwenye picha hiyo soma jina la chipu na hesabu urefu wa mguu wa kadi, ile sehemu inayoingia kwenye sloti. Muuzaji anayeifahamu bidhaa yake hatakasirika; anayekujibu "zote ni sawa, ndugu yangu" hajui anachokiuza, na kurudisha mzigo kutoka huku kusini si jambo la siku moja.

Angalia pia kama kadi ina soketi yake ya umeme. Sloti ya PCIe hutoa volti 12 na volti 3.3, wakati diski ya USB inahitaji volti 5. Kadi nzuri ama huzishusha volti 12 yenyewe kwa ufanisi, ama huchukua volti 5 moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai. Porti ya USB 3.0 inapaswa kutoa angalau miliampea 900, na kadi dhaifu ikishindwa kuzitoa, diski itakuwa inajichomoa yenyewe katikati ya kunakili.

Onyo. Kama pawasaplai yako haina kichwa cha SATA kilicho huru, usinunue kibadilishi cha Molex (kichwa cha umeme cha zamani chenye pini nne) kwenda SATA ambacho plastiki yake imemwagwa juu ya nyaya kama kipande kimoja. Ndani ya plastiki hiyo nyaya husogeleana, hugusana na huungua. Tafuta kile ambacho kila waya umebanwa peke yake na kichwa chake kinafunguka.

Umefanikiwa ikiwa jina la chipu, urefu wa mguu, urefu wa bamba na aina ya umeme vyote vinalingana na karatasi yako ya hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Sasa chagua diski

Linganisha diski na porti, usizidishe sana wala usipunguze.

Diski ya nje ya kuzunguka, ya inchi mbili na nusu, huandika kwa megabaiti 100 hadi 130. Kwa kumbukumbu zinazowekwa na kusahauliwa, mathalani hesabu za misimu iliyopita za chama cha msingi, inatosha na bei yake kwa kila gigabaiti haina mpinzani. Fahamu tu kwamba nyingi siku hizi hupanga njia za data zikilaliana kama vigae vya paa, na zikipewa kazi ndefu ya kuandika mfululizo hupungua mwendo vibaya.

SSD ya SATA ndani ya kava la USB hujaza porti ya gigabiti 5 barabara. Hili ndilo chaguo langu kwa kompyuta nyingi ninazokutana nazo hapa. Hakikisha kava linatumia mfumo wa UASP, unaoruhusu maagizo mengi kwa wakati mmoja badala ya moja baada ya jingine. Chipu kama ASM1153E na JMS578 zina uwezo huo. Windows 7 haiutambui mfumo huo bila draiva ya ziada.

SSD ya NVMe ndani ya kava la gigabiti 10, lenye chipu kama RTL9210, JMS583 au ASM2362, hufika karibu megabaiti 1,000. Chagua kava la alumini lenye nafasi ya kutoa joto. Machi mchana, katika chumba kisicho na kiyoyozi, kava la plastiki litaifanya SSD ijipunguze mwendo kwa kujihami, na utadhani kadi ndiyo mbovu.

Kuna jambo moja ambalo boksi halitalisema. SSD za bei nafuu huandika kwanza kwenye eneo dogo la kasi, na eneo hilo likijaa mwendo huporomoka. Zenye chipu za QLC, aina ya kumbukumbu ya bei nafuu, zinaweza kushuka hadi chini ya megabaiti 150, yaani mwendo wa diski ya kuzunguka. Anayenakili nyaraka hatoona kamwe. Anayemwaga gigabaiti 200 za video ya harusi kila Jumatatu ataona kila Jumatatu, na huyo atafute yenye chipu za TLC, aina ya kasi zaidi.

Onyo kuhusu diski za uongo. Diski ya nje ya terabaiti 16 kwa bei ya mlo wa familia haipo duniani. Ndani ya hizo huwa kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyobandikwa, na programu yake imedanganywa itangaze ukubwa usiokuwapo. Data ya mwanzo huingia vizuri. Inayofuata huandikwa juu ya hewa, na hutajua hadi siku utakapoifungua. Hatua ya 8 ipo kwa ajili hiyo.

## Hatua ya 6: Kebo

Kebo ya Type-C iliyokuja na chaja ya simu mara nyingi ina nyaya za USB 2.0 tu. Inachomeka, diski inaonekana, na mwendo unarudi megabaiti 38. Tumia kebo iliyokuja na diski. Kwa gigabiti 10 isizidi mita moja, na usiiunganishe na kebo ya kurefusha.

## Hatua ya 7: Funga kadi

Rudia tahadhari zote za umeme za hatua ya 3. Ondoa bamba la kuziba nyuma ya kasha, shika kadi kwa kingo zake, na iingize wima kwa nguvu ya dole gumba hadi uone mguu wake umezama sawasawa pande zote. Kaza skrubu. Kadi isiyokazwa huinuka kidogo kidogo kila unapochomoa kebo.

Kwa kompyuta iliyokaa miaka karibu na bahari, iwe Shangani, Mikindani au Lindi mjini, tazama dhahabu ya mguu wa kadi iliyotumika kabla ya kuichomeka. Ikiwa imefifia, ifute taratibu kwa kifutio cha penseli kilicho safi, kisha kwa kitambaa chenye spiriti, uache ikauke.

Chomeka umeme wa kadi, funga kasha, washa. Acha kibodi na kipanya kwenye porti za zamani za madabodi, kwa sababu BIOS (programu inayoamka kabla ya Windows) nyingi za zamani haziioni kadi kabla mfumo haujapanda, nawe utajikuta huwezi kuingia kwenye mipangilio. Kama kipanya kisicho na waya kitaanza kurukaruka baada ya kufunga kadi, si uchawi: mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele katika masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya kipanya. Kisogeze kipokezi chake mbali na kadi.

Umefanikiwa ikiwa HWiNFO, au lspci -vv kwenye Linux, inaonyesha kadi ikiwa na idadi ya njia na kizazi ulichotarajia. Kwenye Linux, 5GT/s ni kizazi cha 2 na 8GT/s ni kizazi cha 3. Ukiona x1 wakati kadi ni ya x2, chomoa uipande upya.

## Hatua ya 8: Ihakiki diski kabla ya kuiamini

Diski ikiwa bado tupu, endesha H2testw, au f3write na kisha f3read. Programu hizi hujaza diski nzima na kuisoma tena ili kuona kama kilichoandikwa kipo. Terabaiti moja kwa megabaiti 35 ingechukua saa nane za kuandika peke yake. Kwa megabaiti 400 ni kama dakika 42. Hii ndiyo sababu uhakiki umewekwa baada ya kadi. Kama uko dukani na huna muda, ValiDrive hupima sehemu zilizotawanyika kwa dakika chache, na hilo ni bora kuliko kuondoka kwa imani.

Kisha iandae diski kwa mfumo wa faili unaokufaa. FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na ndiyo asili ya ule ujumbe wa "faili ni kubwa mno" wakati diski ina nafasi tele. ExFAT inafaa kwa diski inayotembea kati ya Windows, Mac na televisheni. Kwa diski inayokaa na kompyuta ya Windows nyumbani, nachagua NTFS, kwa kuwa huweka kumbukumbu ya mabadiliko yake na hustahimili vizuri zaidi umeme unapokatika ghafla.

Kuhusu umeme huo huo: Windows ina mpangilio wa diski za nje unaoongeza kasi kwa kuchelewesha uandishi. Tangu toleo la 1809 la Windows 10 mpangilio huo huzimwa tangu mwanzo. Kama huna UPS, uache ulivyo.

## Hatua ya 9: Pima tena

Rudia kipimo cha hatua ya 1 kwa faili lile lile, na uweke namba mpya kando ya ile ya zamani. Ikiwa bado ni 38, kebo au porti ni ya USB 2.0. Ikiwa inaanza kwa 400 na kushuka baada ya gigabaiti kadhaa, eneo la kasi la SSD limejaa au SSD imepata joto, iguse. Ikiwa diski inapotea na kurudi, umeme wa kadi hautoshi. Ikiwa faili kubwa linakwenda vizuri na folda ya picha ndogo elfu tano inatambaa, hakuna kilichoharibika, kwa kuwa kila faili dogo lina kazi yake ya kufunguliwa, kuandikishwa na kufungwa. Zikusanye kwenye faili moja la zip kabla ya kuzihamisha.

Yule mpiga picha wa Masasi alikuwa akitumia dakika 26 kuhamisha gigabaiti 60. Tulifunga kadi ya gigabiti 5, tukapima, ikawa karibu dakika saba. Alitazama boksi la diski lenye namba 1,000, akanitazama mimi, akauliza, "Sasa, fundi, zile nyingine ziko wapi?" Nilimwonyesha kwenye karatasi namba ya pili ya hatua ya 1: diski yake ya ndani, ya kuzunguka, megabaiti 150 kwa sekunde. Aliondoka na kompyuta mchana huo, na mwezi uliofuata aliirudisha akiwa na SSD ya ndani mfukoni. Gigabaiti 60 zile zile zikahama kwa dakika mbili na nusu.